Kikohozi Mara Mbili

3 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, za nyumba, na za kuku wawili waliobaki. Mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Paa limezibwa. Binti wa binamu yetu, yule mwembamba, amejifungua pacha, na ingawa nimestaafu ukunga miaka sita sasa, waliniita niwashike kwanza kabla mtu mwingine hajawashika. Wa kwanza ana mapafu kama yako. Alilia mpaka muuguzi akaziba masikio.

Saa kumi jioni nyumba yangu inajaa. Majirani wanakuja na vigoda vyao kuangalia ile tamthilia ya ng'ambo mnayoiingizia sauti. Wao wanamtazama Bibi wa Ghorofani unayemsemea, mimi nakusikiliza wewe. Juzi ulipomlaani mkwe wako watu walishika vifua. Mimi nilijua ulikuwa na njaa tu, maana ukiwa na njaa maneno yako yana haraka.

Ila nina malalamiko. Hivi huko hakuna bibi mzima hata mmoja? Miaka kumi na mbili nakusikiliza, na unachopewa ni wachawi, wanaokoroma kitandani, na wanaosema "mwanangu, naondoka" halafu hawaondoki mpaka mwezi wa tatu. Lini utapewa bibi anayegombania kiti kwenye basi? Bibi aliyewahi kupendwa? Watoto wa nyumba ya pili wakinisikia naita kuku wanatimua mbio. Sauti yetu ni moja, ya mama, unajua mwenyewe. Wanasema mchawi wa kwenye runinga amehamia kwangu. Mama wa mmoja wao alicheka. Wa mwingine hakucheka, na siku hizi hapiti karibu na mlango wangu. Hilo naliogopa kuliko ninavyoonyesha.

Halafu umekufa tena, katika ile tamthilia ya Jumapili. Nashukuru hukusahau kikohozi chetu. Unakumbuka ulipokufa mara ya kwanza, sikula siku mbili, mpaka tukapatana kwamba kila ukifa ukohoe mara mbili, nijue aliyekufa ni wa kwenye kioo? Juzi watu wanafuta machozi, mimi nasikia "kho, kho" yako baada ya roho kukatika, nikacheka peke yangu, wakaniona nimerukwa na akili. Lakini kikohozi chenyewe kilikuwa kizito, kama kina mchanga ndani. Na mbona hujapiga simu ya jirani tangu mwaka uanze? Najua siipendi simu, nasikia nusu na nusu nabuni. Lakini hata hiyo nusu hujaniletea.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Barua imefika, na pacha nimewashangilia mpaka fundi cherehani wa chumba cha jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Anakusalimu. Mimi ni mzima, kiasi cha mtu wa miaka sitini na tatu anayepanda ngazi za ghorofa nne kila siku. Ila mistari yako siku hizi inapanda mlima. Unaandikia juu ya goti?

Umeuliza kuhusu bibi mzima. Ngoja nikueleze kazi ilivyo, maana sijawahi kukueleza vizuri. Chumba cha kurekodia ni kidogo, kuta zimefunikwa magodoro. Navaa hedifoni, mbele yangu kuna kioo, na ndani ya kioo yupo mwenyewe, yule mama wa ng'ambo. Dada, yule mama hatetemeki hata kidogo. Anasimama wima, anaongea kama hakimu, hata mkwe wake anamlaani kwa heshima. Nikimfuata alivyo, mwongozaji wetu ananikatisha: "Tetemesha, mama. Mzee huyo." Nikamwambia, huyo mama mimi namzidi miaka miwili, na sitetemeki. Akasema, "Sasa watazamaji watajuaje kwamba ni bibi?"

Basi natetemesha. Kila siku namchukua mwanamke mzima namgeuza gofu la mtu. Jioni nateremka ngazi nikijishika ukutani, nikifika chini najiuliza nilikuwa najishikia nini, wakati miguu yangu haina neno. Yaani naanza kujiogopa.

Sasa kuna jambo jipya. Wananitaka wiki kadhaa peke yangu, bila picha, nisome sentensi kwenye kompyuta. Maelfu. Za kuuliza, za kugomba, za kubembeleza, vicheko vya kila namna, vilio. Mashine ikishazijua inaweza kusema kwa sauti yangu hata maneno ambayo sijayasema. Wanaita akiba: eti nikishikwa na mafua kazi isisimame. Nimeshatia sahihi.

Kuhusu simu, mtandao wa huku unasumbua. Na huo mchanga ni vumbi la magodoro tu.

Mdogo wako


20 Machi

Chiriku,

Salamu. Pacha wameongezeka uzito. Juzi nilimbeba mmoja nikamwita kwa jina la mwenzake, mama yao akacheka nami nikacheka. Nikamimina na uji pembeni ya kikombe. Uzee una vituko vyake. Tafadhali tafuta kalamu yenye wino wa maana, barua yako ilikuwa hafifu, nimeisoma siku mbili nimesimama mlangoni kwenye jua.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Akiba. Nimezalisha wanawake miaka thelathini na nane, na ninavyojua mimi, mtu huweka akiba ya kitu anachohofia kitakwisha. Nani kati yenu anayejua kitakwisha, wao au wewe?

Na ni vumbi gani hilo linalokaa kooni karibu miezi miwili? Mficha uchi hazai. Maneno hayo nimewaambia wasichana wengi waliobana miguu kwa aibu wakati mtoto keshaonyesha kichwa. Nawe nakuambia hivyo hivyo. Koo linauma? Ukimeza je? Kuna uvimbe shingoni? Ukiugusa unauma, au hauumi? Usipouma ndio mbaya zaidi. Jibu swali moja moja kama nilivyokuuliza, usinipigie chenga.

Mama alipoumwa alituambia ni kichomi mpaka wiki ile ya mwisho. Sitaki kuyarudia yale. Kila baiskeli ikipita nadhani ni mtu wa posta, naenda mlangoni, na akiwa siye ndio naogopa zaidi.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Nisamehe kimya, kazi imekuwa nyingi. Natumaini pacha hawajambo na kuku wanataga. Nimekuandikia kwa kalamu nene ulivyotaka, ingawa ile ya mwanzo ndiyo ninayokuandikia miaka yote na hujawahi kuilalamikia.

Ile akiba tumeimaliza. Siku ya mwisho waliniomba nife. Kufa haraka, kufa polepole, kufa ukiita mtoto, kufa ukiwa na kinyongo. Nilikufa mara thelathini na moja kabla ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza nilikohoa mara mbili kwa mazoea. Mwongozaji akasimamisha mashine: "Mama, hicho kikohozi kinachafua." Nikamwambia, hicho ni cha dada yangu. Akacheka, si kwa ubaya, akakikata. Mara ya pili nikakohoa, akakata. Ya tatu sikukohoa tena. Sijui nilichoka au niliona haya.

Nilipotoka nikamuuliza: na mabibi wanaofurahi je, hamtaki akiba yao? Akaangalia orodha yake, akaigeuza nyuma, akasema haikuandikwa.

Maswali yako ya shingo tutayazungumza tukionana. Usihangaike. Saa kumi ikifika wewe sikiliza tu, ukinisikia ujue nipo. Nikichelewa kuandika, hiyo ndiyo iwe barua yangu.

Mdogo wako anayekupenda


11 Juni

Chiriku wangu,

Leo nakuandikia kwa moyo mweupe. Hujaandika, lakini kila siku nakusikia, na kama ulivyosema, hiyo ni barua. Na sauti imepona! Mchanga wote umekwisha. Bibi wa Ghorofani sasa ana maneno mengi, jana alihutubia ukoo mzima kuhusu urithi, hukukwama hata mara moja. Nikawaambia majirani, huyo ni mdogo wangu, na hapo ana miaka sitini na tatu. Hata yule mama asiyecheka alikuwepo, alisimama dirishani kwa nje.

Nilikuwa nimeandaa barua kali, nikaichana. Nilijua mimi ni mtu wa kuwaza mabaya. Ukikaa na vifo na uzazi muda mrefu unaanza kuona mawingu ambako ni moshi wa jiko.

Kuna kitu kimoja tu, nawe utanicheka. Ile hotuba ya urithi ilikuwa ndefu na hukuvuta pumzi. Mimi kazi yangu yote ilikuwa kusikiliza pumzi za watu. Mwanamke akishikwa na uchungu namjua amefikia wapi kwa pumzi kabla sijamgusa. Nimesogeza kiti mpaka sikio likagusa runinga, watu wakalalamika kwamba nawaziba. Sikuisikia. Labda ni runinga, imezeeka kama mwenye nayo.

Wanatangaza kwamba mwezi ujao Bibi atakufa. Umeshaizoea kazi hiyo. Nitangoja kikohozi chetu.

Dada yako


14 Julai

Chiriku,

Barua hii siipeleki posta. Naandika ili mikono iwe na la kufanya mpaka asubuhi ya safari, na nikifika nitakupa mkononi. Kama mistari imepandana nisamehe, nakisia.

Bibi wa Ghorofani alikufa jana. Nyumba ilijaa mpaka uani. Alikata roho akimwita mjukuu wake, wakaanza kulia, nikawaambia nyamazeni. Wakanyamaza. Nikangoja. Ukapigwa wimbo wa kumalizia, nikangoja. Yakaja matangazo ya sabuni, ikaja taarifa ya habari, mimi bado nimeinamisha sikio. Jirani akaniuliza, mkunga, unasikiliza nini?

Hukukohoa. Wewe uliye hai usingeweza kufa bila kukohoa, hata wakukatishe mara mia, ungepata njia ya kukipenyeza. Kwa hiyo aliyekufa jana ni akiba. Na ile hotuba isiyo na pumzi ni akiba. Nimehesabu nyuma, tangu katikati ya Mei nasikiliza sanduku. Miezi miwili nawaambia watu mdogo wangu hajambo, kumbe sijui mdogo wangu yuko wapi. Nimepiga simu yako kwa mkono wa jirani mara sita. Inaita, haipokelewi.

Ninakuja. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya nyuma atanishika mkono, kwa sababu, Chiriku, mimi sioni. Nimekuhukumu kwa kuficha na mimi nimeficha. Jicho la kushoto lilizimika mwaka jana, la kulia limebaki na mwanga wa mlangoni tu. Barua yako ya Mei nilisomewa na mwalimu. Wino wako haukuwa na kosa lolote. Wale pacha sijawahi kuwaona sura, nawajua kwa vichwa.

Kwa miaka yote naandika "hofu ni kwako uliye mbali" kama watu wanavyoandika, bila kuiwaza. Leo nimeiandika kwenye karatasi nyingine nikashindwa kuendelea. Naogopa safari. Naogopa ngazi zako za ghorofa nne. Lakini ninachokiogopa hasa ni kufika, kugonga mlango, na asijibu mtu, nami nisiweze kuona kama kuna kufuli.

Dada yako


19 Julai

Dada,

Mimi ni mzima, na hofu haiko mbali tena. Uko jikoni, hatua saba kutoka meza hii, unaosha vikombe ambavyo umeshaviosha. Barua hii hutaisoma. Ndiyo maana nitaandika yote.

Nilijua tangu Januari. Daktari alinigusa shingo akanyamaza, kama wewe ulivyokuwa ukinyamaza ukigusa tumbo lililokaa vibaya. Alisema wakikata wataondoa na sauti, na wasipokata uvimbe utaondoka na mimi. Kwa hiyo walipokuja na habari ya akiba, sikulazimishwa na mtu. Niliona afadhali ibaki mahali. Wao hawakukudanganya, Dada. Mimi nilijua sauti itaendelea kufanya kazi bila mimi, nikaituma ikae nawe kila saa kumi, iseme nipo, ili nisikuandikie neno "uvimbe". Mficha maradhi kifo humuumbua, na bado nikaficha.

Walikata katikati ya Mei. Sasa napumulia tundu la shingoni. Wodini kulikuwa na runinga juu ya mlango. Siku ya nne saa kumi ikafika, nikajisikia naingia chumbani. Nililala pale bila sauti huku nikisema mambo ambayo sijawahi kuyasema, natukana, nabembeleza, na wiki zilizofuata nahutubia habari za urithi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akanigeukia: "Huyu bibi ana sauti tamu. Unampenda?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kisha nikajifunika shuka mpaka juu. Sijawahi kuogopa hivyo. Barua yako ya Juni fundi aliniletea pale, ile ya moyo mweupe. Nilishika kalamu kila siku kukujibu. Simu ilipokuwa inaita niliitazama tu. Ningepokea nikufanyie nini?

Juzi ulipofika mlangoni ukaita, "Chiriku! Fungua!" Nilidhani ni runinga. Ilikuwa sauti yangu kabisa, tena haitetemeki. Fundi ndiye aliyefungua. Ukanishika uso, ukashuka kwenye mabega, vidole vikafika shingoni, vikapata tundu, vikasimama. Ulilikinga na upepo kwa kiganja namna ulivyokuwa unawakinga watoto wachanga, bila kuligusa, ukasikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Hapo ndipo nilipoona macho yako, nikaelewa mistari iliyopanda mlima. Ukatoa barua yako kifuani ukanipa. Nimeisoma mara tatu.

Mwalimu ameondoka jana. Sasa tumebaki wawili, na hapa ndipo penye hofu yangu yote. Wewe unasema, mimi siwezi kujibu. Mimi naandika, wewe huwezi kusoma. Jana nilitoka kununua sabuni, niliporudi nilikukuta umesimama katikati ya chumba, umenyoosha mikono, unaniita, unaniita, na mimi nipo mlangoni nakuangalia. Nilikimbia nikakushika na wewe ukapiga ukelele kwa sababu hukujua ni nani. Usiku kucha nimewaza: tumezeeka pamoja mpaka tukaachiwa kiungo kimoja kimoja, na havikutani. Nani ataweka watu kama sisi kwenye kioo? Mwongozaji angesema hatueleweki.

Nimeandika hapa nikasimama kidogo. Saa kumi imefika. Upande wa pili wa ukuta fundi amefungua runinga. Wamemrudisha Bibi wa Ghorofani, sasa ni mzimu, anamtokea mjukuu wake. Kumbe bibi akifa ndipo anapopewa maneno mengi. "Nipo hapa," nasema huko ukutani, taratibu, vizuri kuliko nilivyowahi kusema. "Nipo hapa, mwanangu. Sijaenda popote."

Umeacha kuosha. Kikombe kimetulia mkononi mwako, maji yanachuruzika kwenye kiwiko. Umegeuza kichwa kuelekea ukutani, kule ninakosema, na nimeogopa, Dada, kuliko nilivyokiogopa kisu. Nimeogopa kwamba utakwenda kule.

Sasa umeupa ukuta mgongo. Umekuja mpaka mlango wa jikoni, mkono umeshika fremu, uso umeelekea chumbani ambako hakusikiki kitu. Umeuliza, kwa ile sauti ya mama: "Chiriku, upo?"

Naiweka kalamu chini. Nagonga meza, mara mbili.